Picha za Mazishi ya Bibi Mariamkutty

Kila Jumamosi asubuhi Merin alifagia studio ya picha ya mjomba wake kabla mjomba hajamaliza chai. Alipangusa kioo cha kaunta, akatia picha za pasipoti katika bahasha zake, kisha akawasha kompyuta, ambayo siku hizi ilikawia kuamka kuliko mlevi.

Wateja wa mji wa Pala walikuwa wa kila namna. Wengine walileta picha kwenye simu, zilizokwisha kupita mikononi mwa ukoo mzima kwa WhatsApp, wakataka ziwe kubwa za kutundika ukutani.

"Dada, hii tukiikuza itakuwa kama imenyeshewa," Merin alizoea kuwaambia. "Mtafute aliyeipiga, akupe ile ya mwanzo."

Wengine walileta picha za aina ngeni ambazo hazikufunguka kabisa. Hao Mjomba Pailey alikuwa na neno lao: "Nileteeni JPEG. JPEG ni kama wali, hakuna nyumba isiyoula."

Katika hilo Merin na mjomba wake walikubaliana. Walichobishania kila wiki ni Linux. Shuleni kwa Merin, kama katika shule nyingi za jimbo la Kerala, kompyuta zilitumia mfumo huo huria, ambao yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuuchungulia ulivyotengenezwa, na kumgawia jirani. Kompyuta ya mjomba ilitumia Windows ambayo fundi mmoja aliinakili bila kulipia.

"Cha bure hakina dhamana," alisema mjomba.

"Na cha wizi je, Mjomba?"

"Sikieni mdomo huo! Umri miaka kumi na miwili, ulimi wa wakili."

Jumamosi hiyo mjomba alikuwa anakwenda kupiga picha za ubatizo. Alipokuwa anafungasha kamera alisema, "Bwana Chandy atakuja alasiri kuchukua picha za mazishi ya mama yake, Bibi Mariamkutty. Zimo humo kwenye kompyuta, nitazichapa nikirudi. Kesho anapanda ndege kwenda Kuwait, kwa hiyo sitaki kuchelewa."

Merin alizijua picha hizo. Kwa Wakristo wa Pala, jeneza halifungwi mpaka ukoo wote ulizunguke na kupigwa picha ya mwisho pamoja na marehemu. Bwana Chandy alifika kutoka uwanja wa ndege padri akiwa ameshavaa mavazi ya ibada, akasimama kichwani pa mama yake na mkoba bado begani.

Mjomba alipoondoka tu, kompyuta ilikwama. Merin akaizima, akaiwasha, ikakwama tena. Rafiki yake Nihala aliingia na ndizi za kukaanga, akacheka.

"Hiyo inataka kuzikwa nayo."

"Au inataka Linux," alisema Merin. Ndani ya begi alikuwa na flashi ya chama cha kompyuta cha shule. Aliwahi kuwaona wanafunzi wakubwa wakiweka Linux kando ya Windows, kila moja na nafasi yake, bila kitu kupotea. Mjomba angerudi akakuta mashine inakimbia, mdomo ungemfungika.

Basi akachomeka flashi. Maswali yakaanza kutokea, naye akajibu huku akipiga soga na Nihala. Shuleni, kila Juni, wanafunzi walisaidia kutayarisha kompyuta zote za maabara, na huko jibu lilikuwa moja tu: futa diski yote, weka upya. Kazi zao hazikukaa kwenye zile mashine. Mkono wa Merin ulilizoea jibu hilo kama unavyozoea ishara ya msalaba. Swali la diski lilipokuja, mkono ukajibu.

Walipomaliza kula, kompyuta iliwaka kwa kasi ya ajabu. Nihala akapiga makofi. Merin akatafuta folda ya mazishi. Akatafuta folda ya harusi. Akafungua diski yenyewe. Ilikuwa nyeupe, tupu.

Akaifunga, akaifungua tena.

"Nihala," alisema kwa sauti ndogo, "nimefuta zote."

Nihala aliacha kutabasamu. "Kamera si inazo?"

"Mjomba huisafisha kadi ya kamera kabla ya kazi mpya. Jana usiku nilimwona."

Kisha Nihala akasogea karibu kabisa. "Sikiliza. Kaka yangu ana Windows kwenye flashi. Tunairudisha kama ilivyokuwa. Mjomba wako akiuliza, sema virusi vimekula picha. Wateja si huleta flashi chafu kila siku? Nani atakataa?"

"Na Bwana Chandy?"

"Atalia kidogo, atasafiri. Unataka mjomba akufukuze?"

Merin hakutaka kufukuzwa. Hakutaka hata kuuona uso wa mjomba. Nihala akatoka mbio akarudi na flashi, na Merin akaichomeka. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea kitufe cha kuanza kuirudisha Windows.

"Tumsifu Yesu Kristo."

Merin aliruka. Bwana Chandy alikuwa mlangoni, mwavuli unachuruzika maji.

"Milele na milele, amina," alijibu Merin.

"Najua nimewahi. Nyumbani kumejaa watu, sipati pa kukaa peke yangu." Akakaa kwenye benchi. "Mwanangu, hebu nioneshe ile moja tu. Nilimshika mama paji la uso. Sijui kama mjomba wako aliipata."

"Kompyuta... inaumwa kidogo."

"Basi nitasubiri, sina pa kwenda." Akautazama mwavuli wake. "Wanangu hawakupata likizo. Wananiuliza kila siku kwenye simu, bibi alifananaje alipolala? Nimewaambia, subirini, nawaletea picha."

Nihala alimfinya Merin chini ya meza. "Bonyeza," alinong'ona.

Merin akaweka kidole kwenye kipanya, mshale ukiwa juu ya kitufe. Akimtazama Bwana Chandy, aliona mtu aliye karibu kulia. Akikitazama kioo, alijiona anasema "virusi" mbele ya mtu huyu, na mbele ya watoto wake wa Kuwait, na kila Jumamosi maisha yake yote.

Akauondoa mkono, akashika simu.

"Mjomba," alisema, na hakushusha sauti, "nimeweka Linux nikafuta diski yote. Picha za mazishi zimefutika. Ni mimi."

Kwenye benchi mwavuli ulianguka. Upande wa pili wa simu mtoto wa ubatizo alikuwa analia.

"Mpigie mwalimu wako wa kompyuta," mjomba alisema. "Nakuja."

Mwalimu Sujatha, mlezi wa chama cha kompyuta shuleni, aliuliza swali moja tu: "Umeweka kitu kingine juu yake baada ya hapo?"

"Nilitaka kurudisha Windows, Mwalimu."

"Ulitaka, au uliweka?"

"Sikuweka."

"Chomoa umeme. Sasa hivi! Usiizime kwa adabu, chomoa."

Merin akachomoa.

Mwalimu alifika amelowa, na mjomba nyuma yake. Mwalimu akaiwasha kompyuta kwa flashi yake mwenyewe, akaunganisha pembeni diski tupu ya kupokelea picha zitakazopatikana.

"Kufuta si kuchoma," alieleza bila kugeuka. "Kompyuta imesahau tu picha zilipo, inapaona shamba tupu. Zinapotea kweli ukipanda kitu kingine juu yake. Linux imepanda sehemu. Sijui ni sehemu gani."

"Utazijuaje?" aliuliza Bwana Chandy.

"Kila JPEG huanza kwa alama ileile, na alama hiyo haikufichwa, dunia nzima inaijua. Programu hii itapita shamba lote ikiitafuta. Nayo ni ya bure, Pailey."

Mjomba akainama karibu na kioo.

Picha zikaanza kurudi, hazina majina wala mpangilio. Maharusi, mtoto asiye na meno, sura za pasipoti za watu wasiojuana. Nyingine zilikuwa nzima, nyingine zilikatika katikati na chini yake palikuwa kijivu kitupu. Mvua ilinyesha. Merin alisimama nyuma ya kiti akiwa amejishika mikono, akiomba kimoyomoyo.

Jeneza likatokea. Maua, mishumaa, mabega ya watu, halafu kijivu. Uso wa Bibi Mariamkutty ulikuwa ndani ya kijivu.

Bwana Chandy akafunika mdomo. Merin akafumba macho.

"Subirini," alisema mjomba. "Sipigi mara moja. Msibani watu hufumba macho, napiga mara nyingi."

Nyingine, kijivu. Nyingine, kijivu. Kisha Merin akasikia benchi likilia, Bwana Chandy amesimama. "Huyo," alisema. "Huyo hapo mama."

Merin alifumbua macho. Picha ilikuwa nzima. Bibi amelala na rozari vidoleni, na mkono wa mwanawe juu ya paji la uso wake.

Mjomba aliichapa kwanza hiyo, kubwa. Bwana Chandy aliipokea kwa mikono miwili. Alimgusa Merin kichwani tu, akatoka.

"Mimi ndiye niliyesema tusingizie virusi," Nihala alisema ghafla, macho chini.

"Basi virusi mwenyewe wewe," alisema mjomba. Akamgeukia Merin. "Wewe, nitakukasirikia kesho, leo sina nguvu. Na mimi nina langu. Picha za msiba wa watu nikazihifadhi mahali pamoja tu, bila nakala. Jumatatu nanunua diski ya pili."

Mwalimu Sujatha alikuwa anakunja nyaya zake. "Merin, kosa la kwanza lilikuwa la mkono uliozoea, na wewe hukusoma ulichoulizwa. Utajifunza kusoma. La pili lingekuwa la moyo. Ungebonyeza kile kitufe, uongo wako ungeandikwa juu ya picha zenyewe, na hata mimi nisingeweza kitu. Ukikosea, simama hapo hapo, useme. Kila unachokiongeza juu ya kosa ili lisionekane ndicho kinachokula kile ambacho bado kingeokolewa."

"Nimesikia, Mwalimu," alisema Merin. Kisha akainua macho, akamtazama mjomba wake usoni.