Vidonge Vilivyobaki

Kila akitoka shule, binti alivua viatu, akanawa mikono, kisha akaenda kumgeuza babu yake. Babu alikuwa fundi cherehani mpaka kiharusi kilipomlaza. Sasa alikuwa na kidonda nyongani, kwa sababu ya kulalia upande mmoja muda mrefu. Mama alishinda kazini akifua mashuka ya hoteli. Asubuhi shangazi alikuja kumwangalia mgonjwa, na kuanzia alasiri ilikuwa zamu ya binti: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumlisha, kumpa vidonge vya kidonda alivyoandikiwa hospitalini.

Dawa ndiyo ilikuwa kazi. Babu alivitema vidonge. "Mnanilisha vifungo vya koti?" alinung'unika.

Siku ya nne ya dozi kidonda kilianza kukauka. Binti alikuwa hoi, mgongo unamuuma, hesabu za shule hajazigusa. "Si ameshapona?" alijiambia. Akavificha vidonge vilivyobaki kwenye mkoba wake.

Wiki mbili baadaye kidonda kilianza kunuka. Kwa hofu, alimpa babu viwili, kesho yake kimoja. Havikufua dafu. Homa ikapanda, babu akaacha hata utani.

Mama alimwita muuguzi, ambaye alichukua usaha kwa pamba ukapimwe. Siku ya tatu alirudi, uso umekunjamana.

"Vijidudu hivi havisikii tena ile dawa. Dozi aliimaliza?"

"Aliimaliza," mama alijibu upesi. "Binti yangu simtilii shaka."

Maneno hayo yalimchoma binti kuliko kofi. Alitoka, akarudi na vidonge kiganjani.

"Mama, sikummalizia."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, bado na viatu vya kazini. "Mbona hukuniambia?"

"Nilichoka, mama."

Mama aliinama kuvua viatu. Yeye pia alikuwa amechoka.

Babu alichomwa sindano za dawa nyingine siku kumi na nne. Shangazi akakubali kubaki hadi jioni. Homa ilishuka, na kidonda kikaanza kujifunga, polepole mno.

Siku ya sindano ya mwisho, muuguzi alimshika binti bega.

"Ukikatiza dozi bila kuuliza, vijidudu dhaifu hufa, vilivyo sugu hubaki na kuzaana. Vikishazoea dawa, tunahangaika sote. Na jingine, mwanangu: kuchoka si kosa. Kosa ni kuficha. Siku mzigo ukikuelemea, sema, tukupokee."

"Nimesikia, dada muuguzi," binti alijibu, akaenda kunawa mikono. Saa ya kumgeuza babu ilikuwa imefika.