Waliochaguliwa na Placide

Jumamosi moja ya mwaka sabini na sita, katikati ya vurugu za soko la Bunia, Kavira alikuwa anamkunjia mteja kitenge huku akibishana kuhusu mpira. Ndivyo alivyokuwa. Wasichana wenzake wa mtaa wa Saio walibishania mitindo ya nywele na viatu vya soli nene. Yeye, binti wa mzee Paluku, mwenyekiti wa timu ya Radi ya Shari, iliyobeba jina la mto wa pale, alibishania mabeki.

"Radi inakwisha," aliwaambia akina mama wa meza ya jirani. "Bote bazee. Bengine banacheza na bendeji pa magoti, lakini baba anakatala kuona."

"Na nyuma yao iko nani?" sauti ya kiume ikauliza.

Kavira akageuka. Alikuwa kijana mrefu, nywele amezichana juu zikawa duara, suruali imepanuka chini hadi inafagia vumbi, shati limepigwa pasi kali. Mkononi alishika pakiti ya chumvi.

"Hakuna," Kavira akajibu. "Njo shida yenyewe. Nyuma ya mutu hakuna mutu."

"Basi miye njo nimeitwa kutafuta ile bantu. Tangu jana. Baba yako, prezida, hakukuambia?"

Akina mama wakaangua kicheko, na Kavira akakunja kitenge kile kile mara ya pili. Kijana akajitaja kuwa Placide, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Mahagi. Kwenye karatasi za serikali alikuwa Uyirwoth, kwani miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa, ila mbele ya meza ya vitenge nani angejali karatasi? Alimwomba amchagulie kitenge cha mama mtu mzima, mama wa heshima. Kavira akadhani ni cha mama yake mzazi. Akamchagulia kizuri kuliko vyote, na nusu ya moyo wake ikaondoka na kile kitenge.

Ah, Bunia ya miaka ile! Jumapili baada ya misa watu wote walikwenda uwanjani, wanaume na suti zao za abakosti, wanawake na vitenge vya kushonesha, na karanga zikiuzwa kwa kikopo. Kavira na Placide walikaa pamoja pale ambapo kila mtu angewaona, maana hawakuwa na la kuficha. Wengine walitazama mechi kubwa. Placide alitazama ile ya vijana inayotangulia.

"Weye, macho yako iko wapi? Bakubwa banapasha moto," Kavira alimtania.

"Bale ni dirisha ya duka, Kavi. Miye naangalia depo ya nyuma."

"Bon, niambie. Fasi ya beki wa kushoto, nani anakuya?"

"Fulgence, wa Mahagi. Sasa anavuta nyavu na baba yake kule ziwani. Umuache akomae kwanza."

"Na fasi ya kati?"

"Xavier, wa Mambasa. Anabeba mbao. Ana mapafu, ule mutoto!"

"Kila siku anakuya, anakuya. Utazeeka unangojea."

"Kazi yangu haipimwe kwa mwaka moja. Mutu akitaka kunijua, angoje batoto bakue." Kisha akashusha sauti. "Na weye, utangoja?"

"Sijue," Kavira alisema, na akacheka hadi pete za masikioni zikacheza. Alikuwa anajua vizuri sana.

Kila likizo Placide alipanda lori kwenda kutafuta vijana, na kila alipoondoka alipita kwa Kavira kununua kitenge. "Mama yako iko na sanduku kubwa!" Kavira alimwambia. Placide alicheka tu. Ilipofika mwaka sabini na tisa, watu wa Saio walikuwa wanauliza harusi ni lini.

Ndipo Agathe, aliyeuza vitenge meza ya tatu, akarudi kutoka Mahagi na uso mzito.

"Dada yangu, heri unisikie miye kuliko bantu bengine. Placide nimemuona kule. Alikaa pa mukeka mbele ya familia nzima. Mbuzi mbili zimefungwa inje, jembe, chumvi, na kitenge ya kwako, ile ya maua ya njano. Bamama banapiga vigelegele. Ile ni nini kama si mahari?"

Kitenge cha maua ya njano Kavira alikuwa amekichagua kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni, Placide aliita kwenye foni. Duka la Paluku lilikuwa na hiyo redio ya kuongelea, kama maduka yote makubwa ya Ituri, na ubaya wa foni ni kwamba kila mwenye mashine husikia. Wapenzi wa siku hizo walibembelezana huku wafanyabiashara wa mkoa mzima wakisikiliza, na kila mmoja alimaliza kwa "nakuachia" ili mwenzake aongee.

"Bunia, Bunia, huku Mahagi. Kavi wangu, unanisikia? Nakuachia."

"Nakusikia, bwana harusi. Bibi mupya anasema nini? Nakuachia."

Mashine ikakwaruza. "Bibi gani? Nakuachia."

"Ulikaa pa mukeka ya bantu na mbuzi mbili, ndiyo ao hapana? Nakuachia."

"Ndiyo. Lakini hapa siwezi kueleza. Ungoje nifike, nakuomba. Nakuachia."

Mtu mwingine kabisa akaingia hewani, anacheka. "Eleza tu, mwalimu! Na siye tunataka kusikia!"

Kavira akazima mashine. Kisha akakaa juu ya gunia la kahawa la baba yake, akalia kama mtoto.

Mvua ikakata barabara. Placide alipofika Bunia, Kavira alikuwa ameshakwenda Butembo kwa shangazi yake Mbambu. Akamfuata huko. Shangazi akamzuia mlangoni: "Rudi kwa bibi yako, mwalimu. Hapa hakuna mutu anakuita." Kavira alikuwa nyuma ya rido, pazia la mlango, karibu kabisa, anasikia pumzi zake. Hakutoka. Placide alisimama, akasalimu kwa adabu, akaondoka, na hakurudi tena.

Butembo ni mji wa baridi na biashara. Kavira aliuza vitenge, akakataa wachumba waliotaka kumwoa, na kila lori la Bunia lilipopaki alitafuta kisingizio cha kumsogelea dereva.

"Radi je? Fulgence ameanza kucheza?"

"Anacheza, dada! Hakuna mutu anamupita."

Alifurahi, na ile furaha ikamuuma. Usiku aliwapanga vijana wa Placide kichwani, nafasi kwa nafasi, na kuona kwamba aliyoahidiwa yanatimia bila yeye kuwepo.

Alirudi Bunia mwaka themanini na moja, mama yake alipougua miguu. Ilikuwa wiki ya fainali dhidi ya timu ya ng'ambo ya mto. Alijiambia anakwenda uwanjani kwa ajili ya baba yake. Karibu naye alikaa mama mmoja aliyepiga kelele kuliko uwanja wote.

"Fulgence! Mutoto wangu! Fulgence!"

"Weye njo mama yake?" Kavira akauliza.

"Njo miye, Godelive wa Mahagi. Na nilikuwa karibu kumukosesha hii yote, unajua? Bwana yangu alikatala kumutoa. Alisema, mutoto wa kiume akienda, nani atavuta nyavu? Ule mwalimu akamuuliza: na mutoto wa kike akiolewa munapokea nini? Bwana yangu akasema, mbuzi. Kumbe mwalimu akarudi na mbuzi kweli! Mbuzi mbili, jembe, na kitenge yangu. Tulipiga vigelegele sawa vile tunaozesha!"

Kavira alishika ubao wa kiti. "Ile mbuzi ilikuwa ya Fulgence?"

"Ya nani tena? Na anafanya vile kwa bazazi bote. Lakini alituapisha tusiseme. Timu ya ng'ambo bakisikia, batatangulia na ng'ombe, na komite ya hapa haijue kufunga kinywa."

Mwenyekiti wa timu ya ng'ambo naye alikuwa na foni yake, na kila siku iliwaka tangu asubuhi. Kavira alikumbuka kile kicheko hewani. Mwanaume wake angewezaje kueleza? Aibu ilimshika mbele ya watu wote, na hakuona tena mechi.

Radi ikafungwa. Watu wakamzomea Placide hadi nje ya lango.

Kesho yake komite ilikutana katika sebule ya Paluku, kama kawaida. Mama yake Kavira alikuwa ameketi kwenye mkeka wake karibu na dirisha, miguu ameinyoosha. Kavira alileta kahawa. Placide alikuwa amekonda ndani ya abakosti ya kijivu. Alimtazama mara moja, akainamisha macho.

"Tumupime kwa haki," Floribert, katibu, akaanza. "Ametuletea vijana tangu sabini na sita. Xavier alivunjika goti. Kipa wa Djugu aliacha mupira. Ule mufupi wa Fataki hakufaa. Nusu hawachezi, na jana tumefungwa. Tunabakia na nini?"

"Bakubwa ya jana ni batoto bado," Placide akasema. "Na kila fasi iko na mutu nyuma yake. Munipatie myaka mbili."

"Kila mwaka ni mwaka ujao!" Floribert akadakia.

Paluku akaweka kikombe chini. "Bale hawachezi, balienda wapi?"

"Nani, Muzee?" Placide akauliza.

"Bote. Anza na Xavier."

"Xavier nilimupeleka garaji, sasa ni fundi. Kipa nilimurudisha masomo, anafundisha Djugu. Ule wa Fataki alitaka kurudi kwao. Nilimusindikiza mpaka kwa mama yake."

Floribert akacheka. "Huyu ni wa mupira ao ni padiri?"

"Batoto niliwaomba kwa bazazi, na mbuzi," Placide akasema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Leo naisema, hata timu ya ng'ambo basikie. Mutoto umemuomba kwa mama yake, huwezi kumutupa sababu goti imevunjika."

Paluku akamtazama kijana yule kama vile alikuwa hajamwona miaka yote mitano.

"Kazi anabaki nayo," akasema.

Kavira alikuwa bado amesimama na sinia. "Baba, hesabu haijaisha. Iko mumoja amebaki."

Wote wakageuka.

"Ni miye. Alinichagua pa soko, nikamuangusha. Niliamini kinywa ya bantu, nikazima foni, nikajificha nyuma ya rido wakati yeye iko pa mulango." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Placide, unisamehe. Jana mama ya Fulgence ameniambia yote."

"Iliniuma, Kavi. Bantu bengine kuamini ile, sawa. Lakini weye?"

"Najua."

"Niliteremuka ile njia ya Butembo sioni mbele."

"Najua, cheri. Bale walikosa, uliwasindikiza mpaka kwa mama yao." Akaweka sinia mezani. "Miye niko kwa mama yangu. Angalia, eko pale. Uanze tena, basi. Uniombe sawa vile uliomba bale bengine."

Floribert akafungua kinywa, Paluku akamnyamazisha kwa kidole. Placide akasimama, akafunga kifungo cha juu cha abakosti, akapita mbele ya komite nzima, akavua viatu na kwenda kuketi kwenye mkeka, karibu na ile miguu inayouma.

"Mama," akasema, "nimekuya kuomba mutoto."