Mama Yangu Anajiweza

Walikutana kwenye foleni ya duka la dawa, kijana akiwa amejipulizia manukato hadi wagonjwa wanapiga chafya. Suti ya bluu, viatu vimechongoka, kichwani hamna kitu. Binti aliyekuwa mbele yake akamwona mtanashati.

"Dawa za nani, kaka?"

"Za mama. Na wewe, mrembo, unaumwa wapi nikutibu?"

Binti akacheka, akatoa namba ya simu. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wazee majumbani na kukadiria nani anahitaji msaidizi wa kudumu. Wiki hiyohiyo akapangiwa kwenda kwa mama wa kijana.

Mwana mwenye akili angeacha hali ionekane ilivyo. Huyu aliona aibu mbele ya mrembo wake. Alimwogesha mama alfajiri, akamvika gauni la kuendea harusini, akamwegemeza kwenye mito na kujibu kila swali yeye.

"Anavaa mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa!"

"Chooni?"

"Anakwenda mbio kuliko mimi."

Na binti, macho kwenye tai badala ya miguu ya mama, akaandika kwamba anajiweza. Wajinga wawili wamekutana.

Mama aliponyimwa msaidizi, kijana akawaka kwenye simu.

"Mama hawezi hata kusimama, unaandika anajiweza?"

"Si wewe uliyesema, mpenzi?"

"Ulitaka niseme nini mbele yako?"

Wakanuniana. Kisha bwana huyo akaibuka na pete.

"Laazizi, nimekukosea. Nikuoe, uhamie kwetu hata kesho. Kutunza wazee unakujua, mama atafurahi."

Binti akaipokea pete, lakini moyo ukamchoma. Akakiri kosa ofisini, akaomba mwenzake aende kwa mama bila taarifa, kijana akiwa kazini. Mwenzake akamkuta mama sakafuni, nguo zimelowa, anaomba maji.

Binti akapiga simu.

"Mpenzi, mama kapata msaidizi, atakuja kila siku. Mimi nitakuja kuwa mke tu. Ndoa lini?"

Kijana akalegeza tai.

"Aa... tusiwe na haraka, mpenzi. Ndoa inataka kujipanga."

Binti akalia chooni kazini, akanawa uso, akaipeleka pete kwao kijana. Kijana hakuwepo. Msaidizi alikuwa akimkausha mama nywele.

"Mama, naomba umpe mwanao hii."

Mama akaitazama pete, kisha akamtazama yeye.

"Nimemzaa mwenyewe, namjua. Ondoka kabla hajarudi, mwanangu. Akikubembeleza utabaki."