Fundi Aliyetolewa Kwenye Utafiti

"Dada, umekanyaga umeme wa watu," fundi sola alisema.

Msichana mwenye gauni la njano alitazama chini. Kiatu chake kilikuwa juu ya waya uliokuwa ukichaji simu za nusu ya soko. Akaruka pembeni, akacheka, na fundi akasahau simu aliyoishika ilikuwa ya nani.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mtambo mkubwa wa umeme ulibaki kifusi, na jiji likawa linaishi kwa paneli na betri. Msichana alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Walimu wake walizoea kusoma takwimu za shirika la umeme. Sasa hapakuwa na shirika wala takwimu, ikabidi wakae vibandani wawaulize watu wanawashaje taa. Msichana akamhoji fundi. Kesho yake akarudi. Akarudi tena, na maswali yakaanza kuhama njia.

"Ukifunga kibanda unakula na nani?"

"Hilo nalo limetoka chuoni?"

"Hilo langu mwenyewe, mpenzi."

Halafu siku moja akapiga simu. "Nimekutoa kwenye utafiti. Sitakuhoji tena."

Fundi akakata simu, akaizima kabisa. Wiki nzima alinuna na kuunganisha nyaya ovyo, hadi mama yake akachoka.

"Ulimuuliza sababu?"

"Hapana, mama."

"Sasa unanuna kwa lipi? Washa simu, usinitie aibu."

Kabla hajaiwasha, mtafiti mwenyewe alitokea kibandani, kilemba cha bluu, uso mkavu.

"Kwa hiyo ukanikatia simu?"

"Wewe ndiye ulinitupa."

"Nilitupa mahojiano yako, baba, tena ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote. Chuo hakiruhusu nimpende mtu ninayemhoji. Ilibidi nichague. Msimamizi wangu kaninunia mpaka leo."

Fundi akaweka bisibisi chini taratibu. "Yaani ukanichagua mimi?"

"Nilikuwa nataka kukuambia hilo, ukakata. Fundi wa kuchaji simu, simu yake haipatikani."

Foleni nzima ya wenye simu ikacheka. Fundi naye akacheka, kisha akamshika mkono. "Basi nikuoe."

Mtafiti akainama kuficha tabasamu. Akaanza kuusogeza pembeni polepole ule waya aliowahi kuukanyaga.

"Binti, mjibu mwenzio," mama mmoja akasema kutoka kwenye foleni. "Wengine tuna simu za kuchaji hapa."

"Nimekubali," akasema. "Haya, mhudumie mama."