Punje ya Sikioni

Kitendawili! Nina mgeni, maswali yangu huyala mabichi, hata jikoni sijayapeleka. Mgeni gani huyo? Fikiri kwanza. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Singida? Haya, nimekwenda Singida, nimekula, nimekunywa, nimerudi na jibu: ni punje ya sikioni.

Dodoma ya siku hizo haikuwa na mwanafunzi asiye na punje. Ilikuwa mashine ndogo kama mbegu ya mtama, mtoto akivishwa sikioni siku anapoanza darasa la kwanza. Ilisikia swali, ikachota jibu kwenye mnara wa mjini, ikamnong'oneza mtoto kabla mwalimu hajafunga mdomo. Wala haikuishia kwenye masomo. Ilimwambia vuka, simama, kunywa maji, sasa una njaa.

Asubuhi moja Mkaguzi Kasanda alisimama mbele ya darasa la sita akauliza, "Chumvi ikikorogwa kwenye maji huenda wapi?"

"Huyeyuka na kutawanyika katikati ya chembe za maji!"

Darasa zima, sauti moja, maneno yale yale. Mkaguzi akapiga makofi.

"Mwalimu Nyemo, unayaona mambo haya? Sasa tunataka na chekechea wavishwe. Limebaki neno lako tu."

Mwalimu Nyemo alifundisha sayansi na kompyuta, na hakuna mashine iliyoingia shule za wilaya ile bila yeye kuipima. Mashine alizipenda. Watoto walimwita Bibi Nyaya, naye akiitika. Lakini siku hiyo alikuwa amefura kama chapati juu ya kikaango.

"Neno langu utalipata. Mbeleje, njoo mwanangu. Mwonyeshe mkaguzi mkono."

Msichana akanyoosha mkono. Ulikuwa umefungwa bandeji mpaka vidoleni.

"Juma lililopita, maabarani," alisema mwalimu, "aliegemeza kiganja kwenye sahani ya umeme ya kuchemshia. Mwenzake akaiwasha bila kuona. Sahani ikapata moto taratibu, na mnara nao ulikuwa umezimika. Mtoto hakutoa mkono mpaka mimi niliposikia harufu. Harufu, mkaguzi!"

"Pole sana, binti. Lakini hiyo ni ajali, mwalimu. Tutaongeza mnara wa pili."

"Mnara wa pili! Mtoto kaungua, wewe unaniletea mnara! Mimi tangu siku ile nimemuuliza swali moja tu: kwa nini hukuutoa mkono? Hebu muulize wewe."

Mkaguzi akamuuliza. Mbeleje akainamisha kichwa upande mmoja, kama walivyozoea wote, halafu akasema, "Joto ni nishati inayotoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi."

"Umesikia? Kila siku ananipa hilo hilo. Huyo aliyejibu si Mbeleje. Huyo ni mgeni wake."

Akachukua kibano, akaitoa punje sikioni mwa mtoto, akaiweka mezani. Mbeleje akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua. Mkaguzi akamrudia swali lile lile, kisha akakohoa.

"Unaona sasa? Bila punje hajui kitu. Unamwaibisha mtoto wa watu bure."

"Kwetu asiyejua haaibiki, hutoa mji!" Mwalimu Nyemo alimkatiza. "Na hapa asiyejua ni mimi."

Akachuchumaa mpaka macho yake na ya mtoto yakalingana, sauti akaishusha.

"Mbeleje, nimeshindwa. Nimesoma, nimefundisha mpaka mvi hizi, na sijui kwa nini hukuutoa mkono. Mnara nao haujui. Jibu unalo wewe peke yako. Kwa hiyo nakupa mji. Dar es Salaam sikupi, kule kuna joto na wewe umeshaungua. Chukua Iringa."

Mtoto alikaribia kucheka. Akajishika sikio lililo tupu. Mkaguzi alipotaka kusema neno, Mwalimu Nyemo alimnyamazisha kwa kidole.

"Nimekwenda Iringa," Mbeleje alisema polepole, kwa sauti yenye kikwaruzo, kama mlango wa stoo. "Nimerudi."

"Karibu. Wamekwambiaje huko?"

"Nilikuwa nasubiri niambiwe kama naumia."