Walioghairi Kutuma

Jua lilikuwa linazama Advera alipoteremka kwenye bodaboda pale Itetemia, pembezoni mwa Tabora, mkononi ana karatasi mbili tu. Zilikuwa takwimu za wiki za tovuti aliyomtengenezea Mzee Jilala, mganga ambaye wateja wake siku hizi humtafuta kwa simu kabla ya kumfuata kwa miguu.

Nyumba ya mzee iko kando ya njia ya zamani ya misafara. Uani palinuka ubani na majani ya tumbaku yaliyoloa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nisomee."

Advera akasoma. Waliofungua tovuti, mia mbili na kumi. Waliofika kwenye fomu, ile yenye nafasi mbili tu, jina la mtu na jina la mama yake mzazi, arobaini. Waliotuma, thelathini na mmoja.

"Na hao tisa?"

"Walianza kuandika, wakaghairi. Wakafuta."

Mzee akacheka puani. "Hao ndio ninaowataka. Anayetuma ameshaamua. Anayeghairi... huyo mlango kauacha wazi."

"Hatuwajui, mzee. Mfumo unahesabu tu. Jina lisilotumwa haliwekwi popote."

Mzee akafumba macho. Akaanza kuwataja, taratibu, kama mtu anayesoma ukutani. Jina na mama. Jina na mama.

La sita lilikuwa Zamda, mamaye Najiat.

Zamda ni fundi cherehani, jirani yake Advera kule Ipuli. Tangu Ijumaa hajashona hata kifungo. Mikono imekufa ganzi.

Advera hata hakuaga vizuri. Alipofika Ipuli alipitia kwa Zamda kwanza, akamkuta mkekani, mikono imelala mapajani kama si yake.

"Shoga," akamnong'oneza, "ulifungua tovuti ya Jilala?"

Zamda akatazama mlango. "Nilitaka tu kujua nani kaniibia vitambaa vya harusi ya watu. Nikaogopa. Nikafuta."

"Hukutuma?"

"Wallahi sikutuma. Nani kakwambia?"

Advera akainuka, akatoka.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alikaa sebuleni, akafungua kompyuta, akaiondoa ile fomu. Akaujaribu ukurasa kwa simu yake. Mweupe. Hamna kitu. Ndipo akafungua takwimu za papo hapo, zile zinazoonyesha nani yumo kwenye tovuti dakika hiyo.

Mgeni mmoja. Tabora. Yuko kwenye fomu.

Fomu ambayo haipo.

Nafasi ya kwanza: imejazwa.

Nafasi ya pili...

Tupu. Mgeni ametulia. Kama anangoja.

"Advera?"

Alishtuka. Alikuwa mumewe, Mathias, chumbani. Hakujua kama amesharudi.

"Hivi marehemu mama yako aliitwa nani? Jina lake lenyewe."

Mama alifariki kabla hawajaoana. Mathias alimsikia akiitwa Mama Advera tu.

"La nini?"

"Kuna fomu naijaza hapa."

"Fomu gani?"

Kitanda kikalia.

"Ya bima, mke wangu. Ya kazini."

Advera hakuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Apolinaria," akasema.

Mama yake hakuitwa hivyo.

Nafasi ya pili: imejazwa.

Mgeni akatoka.

Baada ya wiki tatu kadi ya bima ilikuja kweli, Mathias akamkabidhi huku anatabasamu. Advera akajiona mjinga, akaona haya. Mikono ya Zamda ilisharudi kufanya kazi, ingawa sindano bado inamponyoka. Mzee Jilala hajawahi kuuliza kwa nini fomu iliondolewa.

Ila Jumapili iliyopita, wakitoka kanisani, Mathias alimshika mkono, akamwinamia sikioni.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "una hakika mama aliitwa Apolinaria?"