Mwenye Daftari la Nahau

— *Fataha*?

— Kitendo. Kimepita.

— *Attalibu*?

— Mwanafunzi. Ye njo alifungua…

— Mais unakwama juu ya nini, Mwanvua? "Mwanafunzi alifungua mlango." Maneno tatu tu! Ulisahau yote wakati nilikuwa jela?

Mwanvua aliinamisha kichwa. Kabla ya vita, Jumaine alikuwa akimfundisha nahau ya Kiarabu kwenye baraza hii hii ya kina Mwanvua, hapa Butembo: unachukua sentensi, unatenganisha neno kwa neno, unauliza kila neno kazi yake. Kisha askari, basoda kama watu walivyowaita, wakamfunga katika jela ya Beni miezi minane. Jana alirudi, amebaki mifupa. Leo amekuja na daftari jipya, na Ijumaa baba yake Jumaine angekuja kumposa Mwanvua.

Barabarani alipita jirani, mzee Kasika, gunia la viazi kichwani, jasho linamtiririka. Jumaine akatema mate.

— Muangalie, muchongezi! Aliniuza kwa basoda, sasa anabeba kama punda. Papa alikataza malori yetu yote kubeba viazi yake. Inaoza kule shamba yake Masereka.

— Nani alikuambia ni yeye?

— Asubuhi ile batu balimuona anaongea na basoda. Donc ni nani mwingine?

Asubuhi ile Kasika alikuwa akiwaomba askari wamrudishie baiskeli yake. Mwanvua alijua. Alijua pia yale mengine, na kwa miezi minane alikuwa ameyaficha.

— Jumaine, Ijumaa baba yako asikuje.

— Eh! Ulipata mwanaume mwingine?

— Hapana. Ni miye.

— Weye nini?

— Miye njo nilikutaja.

Jumaine alicheka kidogo. Alipomtazama usoni, kicheko kikakatika.

Akamweleza. Askari walikuwa wakiwatafuta waasi wa Simba nyumba kwa nyumba. Chini ya godoro la Mwanvua walikuta daftari: maneno ya Kiarabu, kila mstari neno moja, alama juu, alama chini, mishale kila upande. "Hii ni barua za siri za baasi! Ya nani?" Mwandiko ulikuwa wa Mwanvua mwenyewe. Mama yake alikuwa analia.

— Nikasema, ya Jumaine. Nilifikiri weye mwalimu utabaeleza ni masomo. Utabaeleza vizuri kunipita.

— Kueleza! Balinifunga kamba kabla nifungue kinywa!

— Najua. Niliona.

— Uliona, ukanyamaza? Na mwezi wa kwanza? Na wa pili? Mama yangu alikuwa anakuja kulia hapa, unamupa chai!

— Nilikuwa na woga. Kisha nikawa na haya ya woga ule.

Jumaine alisimama, akazunguka baraza, akarudi. Macho yalikuwa mekundu.

— Na Kasika?

— Kasika hakufanya kitu.

— Simama. Twende.

— Wapi?

— Kwake! Miye nilimutukana, lakini weye utasema.

Walimkuta Kasika uani, anachagua viazi vilivyooza. Mwanvua alipiga magoti kwenye matope, akasema yote, hata ya baiskeli. Mzee alisikiliza bila kuacha kuchagua.

— Mke wangu Kanyere hakuuziwa hata chumvi sokoni, alisema mwishoni. Sababu yako.

— Ndiyo, Papa.

— Msamaha, hiyo pardon, leo sina. Usinisukume.

— Papa Kasika, na miye… Jumaine alianza.

— Weye nyamaza. Lori ya baba yako iko wapi?

— Iko garage.

— Kesho saa kumi na mbili iwe Masereka. Pardon itakuja nyuma ya viazi!

Walirudi mpaka kwenye lango la kina Mwanvua.

— Miye mwenyewe nitamwambia baba yako, alisema Mwanvua. Na mama yako. Ijumaa unibakishie nafasi ya kulia peke yangu.

— Nani alisema Ijumaa haiko?

— Jumaine, umenikasirikia.

— Sana. Hata sasa nataka kupiga kelele. Alishika mwimo wa lango, akapumua. Lakini nilikufikiria miezi minane, siwezi kukufikiria tena kwa mbali. Papa atakuja Ijumaa. Bora nikukasirikie nyumbani.

Mwanvua aliingia ndani kumwambia baba yake mwenyewe kwanza, kabla woga haujamrudia.